Injili ya Ratili Moja: Kanuni za Usimulizi katika Hadithi ya Ngumi na Mapenzi ya Kijapani, Zikipimwa kwa Masikio ya Nyarugusu

Tangu mwaka 1987 hadi mwaka 2006 mchoraji wa Kijapani, Rumiko Takahashi, alitoa kwa vipande vilivyoachana sana hadithi ya picha iitwayo *Ichi-Pondo no Fukuin*, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuandikwa *Injili ya Ratili Moja*. Vipande hivyo vilichapwa katika jarida la kila juma la Young Sunday, kisha vikakusanywa katika vitabu 4 tu. Uchache huo wastahili kuangaliwa, kwa kuwa mwandishi huyu hakujulikana kwa uchache. Hadithi yake nyingine, *Ranma ½*, iliyoanza mwaka ule ule wa 1987, ilimalizika mwaka 1996 ikiwa imejaza vitabu 38. Kisa cha *Injili* ni chepesi kusimulia. Kosaku Hatanaka ni bondia kijana mwenye ngumi nzito na tumbo lisilotii. Kila pambano likaribiapo, hula kile alichokatazwa, uzito wake hupita kipimo, na mwalimu wake hushika kichwa. Uzito umekwisha kumpandisha kutoka daraja moja la ngumi hadi jingine, wakati wenzake wa ulingoni hupandishwa na ushindi. Naye kila akosapo humwendea Sista Angela, mtawa kijana ambaye bado yuko njiani kuelekea nadhiri zake za mwisho, akamweleza dhambi zake za mezani kana kwamba huyo ndiye padri wa maungamo. Anampenda. Hapo ndipo penye mapenzi, ngumi na kicheko, vyote katika chungu kimoja.

Kanuni za usimulizi hazionekani vema zikiwa nyumbani kwao, kama vile mtu asivyosikia lafudhi ya kijiji chake. Hutokeza zinaposikilizwa na masikio mengine. Masikio yaliyochaguliwa hapa ni ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mwaka 2009 ilipokea watu wa kambi ya Lugufu iliyofungwa. Na tangu mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa makumi ya maelfu, ambao baadhi yao walihamishiwa baadaye Nduta, upande wa Kibondo, na Mtendeli, upande wa Kakonko. Hivyo katika ardhi ya Waha pamekutana Kiswahili cha Kongo, Kirundi, na Kiswahili cha Tanzania, na pamoja na lugha hizo pamekutana desturi za kutamba hadithi ambazo kwa kawaida mwanachuoni angezifuata kwa safari tatu. Hapasemwi hapa kwamba kitabu cha Takahashi husomwa kambini. Linaloulizwa ni hili: hadithi hii ikitafsiriwa na kusimuliwa mahali pale, ni kanuni zake zipi zitasimama zenyewe, zipi zitahitaji mkongojo, na zipi zitageuka maana?

Yafaa kuanza na kile ambacho *Injili* inakicheka, kwa maana kicheko chake chajibu kilio cha wengine. Hadithi kubwa ya ngumi ya Japani ni *Ashita no Joe*, iliyoandikwa na Ikki Kajiwara kwa jina la Asao Takamori na kuchorwa na Tetsuya Chiba kati ya mwaka 1968 na 1973. Ndani yake yumo Rikiishi, mpinzani wa Joe, mtu mrefu mwenye mwili mkubwa, ambaye kwa kutaka kupigana na Joe katika daraja lake aliazimia kuupunguza mwili huo kwa nguvu. Alijifungia. Akajinyima chakula, kisha maji. Mabomba yakafungwa kwa waya asije akashindwa na kiu usiku. Na binti aliyemwonea huruma alipomletea maji ya vuguvugu, aliyamwaga huku akimshukuru. Alimshinda Joe, kisha akafa. Wasomaji hawakuyachukua kama mambo ya karatasini. Mwezi Machi mwaka 1970 mshairi na mtungaji wa michezo Shuji Terayama aliongoza mazishi ya Rikiishi katika jumba la wachapaji, Kodansha, jijini Tokyo, na mamia ya watu wakaja kumwomboleza mtu ambaye hakupata kuzaliwa.

Tangu hapo kanuni ilikuwa imewekwa. Bondia wa hadithi ni mfungaji saumu. Njaa yake ndiyo heshima yake. Kadiri mbavu zake zinavyoonekana ndivyo msomaji anavyosadiki ukubwa wa moyo wake. Mizani ya kupimia uzito, chombo cha ofisini kisicho na uhai, ikawa madhabahu. Mtu aliyekuja baada ya Rikiishi kutunga hadithi ya ngumi alikuta njia imekwisha kukanyagwa, na ama aifuate, ama aipindue.

Takahashi aliipindua bila kuivunja. Kila kiungo cha kanuni ya zamani kimo katika *Injili*: mizani imo, siku ya kupima imo, mwalimu mkali yumo, mwanamke mwenye huruma yumo, mwiko wa chakula umo. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliyewekewa mwiko ni Kosaku, naye hawezi. Aletewapo maji ya vuguvugu atauliza kama kuna kitafunio. Walioitengeneza hadithi hii kuwa filamu ya katuni mwaka 1988 yaonekana waliuelewa uhusiano huo, kwani waliikabidhi kwa Osamu Dezaki, yule yule aliyekuwa ameongoza filamu za katuni za televisheni za *Ashita no Joe* zilizoanza mwaka 1970. Mkono uliomchora mfu ndio uliomchora mpenda kula. Ni vigumu kuamini kwamba mtazamaji wa Kijapani hakuona mzaha huo.

Sasa tuipeleke hadithi nyanda za juu. Msikilizaji wa ngano za Kiafrika, awe Mha, Mbembe wa Fizi au Mrundi, hatasumbuliwa na mwiko uliovunjwa. Mwiko katika ngano huwekwa ili uvunjwe. Mke akatazwapo kufungua chungu, hadhira nzima hukaa ikingoja afungue. Wala hatasumbuliwa na mrudio. Mwanafunzi aliyezoea riwaya za shuleni aweza kulalamika kwamba Kosaku hajifunzi, kwamba sura ya kumi yamkuta na kosa la sura ya kwanza. Lawama hiyo haina uzito. Mhusika wa ngano hana wajibu wa kukua. Fisi amekuwa mlafi tangu hadithi zilipoanza kusimuliwa, na siku atakapojifunza kushiba hakutakuwa na hadithi tena. Mrudio ndio unaoipa hadhira raha yake kubwa, nayo ni kujua kabla ya mhusika. Warundi hutumia neno moja, *umugani*, kwa hadithi na kwa methali pia, na matumizi hayo yana maana: kinachorudiwa kwa maneno yale yale chaweza kuwa kirefu kama usiku mmoja au kifupi kama sentensi moja, nacho bado ni kitu kimoja.

Lakini hapo hapo penye ufanani ndipo penye hatari kubwa kwa mfasiri. Ajuaye ngano za Afrika ya Mashariki atamwona Kosaku na kusema, “Huyu ni Fisi.” Na akishasema hivyo amekwisha kuiharibu hadithi. Fisi wa njia panda, aliyesikia harufu ya nyama kutoka njia mbili akataka kuzifuata zote kwa pamoja, alipasuka katikati; na hadhira ilicheka alipopasuka. Ulafi katika ngano una hukumu, na hukumu hiyo ni mwisho wa hadithi. Kicheko cha ngano ni cha walioketi upande wa haki. Katika *Injili* hakuna anayepasuka. Kosaku anakosa, anajuta kwa moyo mweupe kabisa, anasamehewa, anapigana, mara nyingi anashinda kwa ngumi moja ya ajabu, kisha anakosa tena. Msamaha umewekwa ndani ya mrudio wenyewe, mahali ambapo ngano huweka adhabu.

Tofauti hii yaonekana wazi zaidi ikiwekwa kando ya kitabu ambacho kila msomaji wa Kiswahili anakijua. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, Adili anashurutishwa kuwachapa nduguze waliogeuzwa manyani, usiku baada ya usiku. Huko nako kuna mrudio, tena mrudio wenye nguvu kuliko jambo lolote jingine kitabuni. Msomaji huweza kusahau majina ya miji lakini hasahau mjeledi. Adili anawapenda wale anaowachapa, na machozi yake ndiyo yanayofanya adhabu isionekane ukatili. Hata hivyo adhabu ndiyo inayorudi, na msamaha hungojwa mpaka mwisho uje mara moja tu. Takahashi amegeuza mpangilio huo. Msamaha ndio wa kila juma. Kinachongojwa mpaka mwisho ni hukumu, maana swali la nadhiri za Angela lazima lijibiwe siku moja, na jibu lake haliwezi kurudiwa.

Hili ndilo jambo ambalo *Injili* imelifanya na hadithi nyingine za ngumi hazikulifanya, nalo lastahili kutetewa dhidi ya wale waionao kuwa kazi ndogo ya mwandishi mkubwa. Udogo wake ni wa kurasa. Hatanaka ni mtu aliyeruhusiwa kuwa dhaifu katika fani isiyoruhusu udhaifu, na hadithi haimdai alipe kwa uhai wake. Wapinzani wake, ambao aghalabu huja ulingoni na mizigo ya maisha yao, huonekana wenye taabu kuliko yeye. Hao ndio wafuasi wa Rikiishi, watu waliokonda kwa azima, na kila mmoja hukutana na kijana aliyekula jana usiku akatubu asubuhi. Katika mapambano hayo mwandishi huachilia ucheshi kwa kurasa kadhaa na kuchora ngumi kama ngumi. Kurasa hizo ni nzuri. Penye udhaifu ni katikati ya mapenzi, ambapo kutoelewana kunaletwa mara nyingi mno kwa hila ile ile: neno lililosikiwa nusu, mtu aliyeonekana na mtu mwingine. Takahashi ni bingwa wa kuchelewesha, na bingwa wa kuchelewesha huweza kusahau kwamba kuna anayengoja. Waliosoma *Alfu Lela u Lela* kwa Kiswahili watakumbuka kwamba Shahrazadi naye huchelewesha, ila kila ucheleweshaji wake unamwokoa na upanga. Ucheleweshaji wa Takahashi hauna upanga nyuma yake, isipokuwa mizani.

Huyu mtawa naye atabadilika sura akifika Kasulu. Katika Japani Wakristo ni kama mmoja kwa mia. Kwa wasomaji wengi wa jarida lile vazi la mtawa lilikuwa jambo la sinema, lenye ugeni na utamu wa mbali, na uchaguzi wa mtawa kuwa mpenzi wa bondia ulikuwa sawa na kuchagua binti wa mfalme katika hekaya: ni mtu asiyefikika. Ndiyo maana mwandishi hakujali kwamba mtawa hana mamlaka ya kuondolea dhambi. Msomaji wa Kijapani hakuuliza. Kigoma si hivyo. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na watawa wa kike katika mkoa huo wanajulikana kwa kazi: ndiye muuguzi, ndiye mwalimu, ndiye mwenye funguo za ghala. Msikilizaji wa huko atakuwa na swali kabla mchezo haujaanza: kwa nini kijana huyu anamwungamia sista, na padri yuko wapi? Mfasiri asilikwepe swali hilo. Amwache mtu mmoja katika hadithi aliulize kwa sauti, na kicheko kitakuwa kikubwa kuliko cha asili. Tena ugumu wa mapenzi hayo utaongezeka. Pale ambapo Mjapani aliona vazi, Mha Mkatoliki ataona nadhiri. Na kijana anayemfuata mtu mwenye nadhiri, hata akiwa mcheshi, atatazamwa na wazee kwa jicho la pembeni. Hilo halidhuru hadithi. Laweza hata kuipa uzito ambao mwandishi aliupata tu katika kitabu cha mwisho.

Jaribio zito zaidi limo katika chakula chenyewe. Nyarugusu ni mahali ambapo kwa miaka mingi chakula cha watu wengi kimetoka katika mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani: unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi, kila kimoja kwa gramu zake. Mwaka 2017 mgao ulipunguzwa kwa upungufu wa fedha, na katika mwaka 2023 ukateremka hata nusu ya kiasi kilichopangwa. Watu wanaokaa hapo hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali, wala hawana mashamba ya kutosha kuziba pengo. Katika Tokyo ya Takahashi, mtu hupandishwa juu ya mizani na chakula huondolewa mbele yake; katika siku ya mgao chakula hupandishwa juu ya mizani na mtu husimama kando akitazama mshale. Je, hadithi ya kijana ambaye msiba wake wote ni kwamba hawezi kuacha kula inaweza kusimuliwa hapo bila kuwa tusi?

Wapo watakaojibu upesi kwamba haiwezi. Jibu hilo lina huruma, lakini halijui ngano. Ngano za ulafi hazikutungwa na watu walioshiba. Fisi, kama alivyo Sungura mwizi wa maharage, ni kiumbe cha nchi zilizoijua njaa ya kiangazi, na wasikilizaji wake waliocheka sana ndio waliolala wamekunywa uji mwembamba. Warundi wanaye Samandari, mtu wa chini mwenye ulimi mkali, ambaye mbele ya wakubwa haogopi. Na huko Lubumbashi kundi la wachekeshaji la Mufwankolo, lililoigiza kwa Kiswahili cha mji ule, lilichukua mwaka 1986 msemo usemao kwamba utawala huliwa mzima na kutengeneza kwao mchezo mzima, ambao mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliuchunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kula na kunyimwa kula ni shina la ucheshi wa sehemu hizi zote. Watu hao hawakungoja Mjapani awaambie kwamba tumbo huchekesha.

Kitakachobadilika ni upande wa huruma. Katika Ashita no Joe msomaji aliyeshiba alistaajabia mtu aliyejinyima kwa hiari. Ustaajabu huo, nyanda za juu, hauna mizizi. Kujinyima chakula kilichopo ili kumpiga mtu ngumi kutaonekana jambo la wazimu, na maji yale yaliyomwagwa na Rikiishi yatahesabiwa maji yaliyopotea. *Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza*, wasema Waswahili, na bondia yeyote ajua kwamba methali hiyo ni ya kweli kuanzia raundi ya nne. Kosaku, ambaye Tokyo alikuwa kioja, Nyarugusu atakuwa mtu mwenye akili ya kawaida aliyezungukwa na watu wa ajabu. Mwalimu wake, anayemvizia asile, ndiye atakayechekwa. Kwa hiyo kicheko kitabaki palepale katika ukurasa, lakini kitamwangukia mwingine. Hadithi inayoweza kuvumilia mgeuko wa namna hiyo bila kuvunjika ina mifupa imara, na hadithi za majonzi za fani hiyo hazingeuvumilia.

Kuhusu namna ya kuisimulia, Afrika ya Mashariki haina haja ya kuazima. Wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video, ambao maarufu wao wa Tanzania alikuwa Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, wamezoea kuchukua picha ya kigeni, kuieleza, kuipinga, kuiongezea na kucheka pamoja na watazamaji. Sauti ya msimulizi huyo ni ndugu wa mcheshi wa Kijapani aketiye juu ya mto wake na kipepeo mkononi, akiigiza peke yake mnunuzi na mwuzaji wa tambi. Na bondia mchekeshaji naye si mgeni. Karim Mandonga, ajiitaye Mtu Kazi, alijaza kumbi kwa kuzipa ngumi zake majina kabla ya kuzirusha. Mwaka 2023 alikutana mara mbili jijini Nairobi na Daniel Wanyonyi wa Kenya, akashinda mara ya kwanza kwa ngumi aliyoiita Sugunyo, akashindwa mara ya pili, na kushindwa hakukumpunguzia wapenzi. Kuipa ngumi jina ni kanuni kongwe ya hadithi za picha za Kijapani, na haikuhitaji mfasiri kufika Dar es Salaam.

Yabaki maneno. La kwanza ni jina la kitabu. *Pauni* ingekuwa njia fupi, lakini kwa wasemaji wengi wa leo pauni ni fedha ya Waingereza, na *Injili ya Pauni Moja* ingesikika kama hadithi ya sadaka. *Ratili* ni neno la mizani, la zamani kidogo, la pwani zaidi kuliko bara, na mtu wa Kibondo anayenunua kwa kilo atalisikia kama kitu cha mbali. Ugeni huo wafaa. Huko Japani nako watu hupima kwa kilo. Ratili imebaki ulingoni tu, ambako daraja la bantamu hukomea ratili 118 na la unyoya ratili 126, na kati ya hizo mbili ndimo bondia anamoweza kupoteza usingizi.

La pili ni jina la kosa lake. *Mlafi* ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Anayeitwa hivyo ana kesi ya Fisi mkononi. *Mroho* ni baya zaidi, kwa kuwa roho ya mroho hutamani vya wenziwe, naye Kosaku hatamani cha mtu. *Mlaji* lingefaa, lakini limechukuliwa na wanunuzi wa bidhaa. Huenda ni heri mfasiri amwite *mpenda kula* na kuacha neno *mlafi* kinywani mwa mwalimu peke yake, ili msikilizaji ajue kwamba hukumu hiyo ina mwenyewe.

La tatu ni zawadi. Kitenzi *kula* katika Kiswahili hubeba mizigo mingi: mtu hula chakula, hula hasara, hula njama, hula kiapo, na ulingoni hula ngumi. Kijapani nacho kina *kurau*, kula kwa pupa, ambacho hutumika vilevile kwa mtu aliyepatwa na pigo. Hivyo mzaha wa bondia aliyekula usiku na kula tena mchana, mara hii ngumi, waingia katika Kiswahili bila kupoteza hata gramu moja. Kisha Kiswahili chaenda hatua moja mbele. Mtawa naye siku ya nadhiri ni kama ala kiapo. Wapenzi hawa wawili, mmoja anayekula asichoruhusiwa na mwingine anayengoja kula kile ambacho hakiwezi kutapikwa, wamefungwa katika kitenzi kimoja, nalo ni jambo ambalo mwandishi wa asili hakuwa na njia ya kulisema. Mfasiri mwenye sikio hatalieleza; atakitumia kitenzi hicho mara tatu katika ukurasa mmoja na kunyamaza.

La mwisho ni sauti zilizochorwa. Ukurasa wa Kijapani umejaa sauti kama mti uliojaa ndege, na wafasiri wa Ulaya aghalabu wamezifuta au kuzigeuza ziwe makelele. Kiswahili hakina sababu ya kufanya hivyo, maana kina hazina yake: mtu huanguka *pu*, hutumbukia *chubwi*, hulala *fofofo*, ukumbi hujaa *pomoni*, watu hunyamaza *ji*. Bondia wa Takahashi aweza kuanguka kwa Kiswahili vizuri kuliko anavyoanguka kwa Kiingereza. Iko sauti moja tu yenye shida. Ni *guu*, sauti ya tumbo tupu la Kosaku, ambayo humtoa aibu mbele ya Angela katikati ya maneno mazito. Kiswahili husema tumbo *linanguruma*, na hilo ni tendo zima lenye kiima na wakati, refu mno kwa kona ndogo ya picha. Mfasiri atakayeandika kwa ajili ya watu wa Nyarugusu na aiache *guu* kama ilivyochorwa, bila maelezo chini ya ukurasa.